Uzi: Maua ya vichaka yanayohimili kiangazi cha Dodoma. Tuchague sasa kabla mvua hazijaanza

#1 KitaluDom

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Septemba swali ni lile lile: nimejenga Dodoma, nimepanda maua, yamekauka, nipande nini? Wengi wanaouliza wamehamia kutoka Dar, Tanga, Moshi au Bukoba, huko ua linakua hata ukilisahau. Mimi kazi yangu ni kitalu, na jambo hili linaniuma, kwa sababu watu wanapoteza fedha na maji kwa kuchagua mche kwa macho. Mtu anaingia kitaluni, anaikuta haibiskasi imechanua chini ya neti ya kivuli, anabeba miche ya kujaza uzio mzima, na Oktoba anabaki na vijiti.

Kwanza tujue hali yetu. Mvua za hapa ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mei hadi Novemba jihesabie kwamba hakuna. Upepo wa Agosti hadi Oktoba nao unanyonya maji ya majani kuliko hata jua. Joto la mchana Oktoba na Novemba linapita nyuzi 30, hewa ikiwa kavu kabisa. Udongo wa sehemu nyingi ni mwekundu wa kichanga wenye tabaka gumu chini. Ukienda kwenye mbuga ni mweusi, mvua unanata, kiangazi unapasuka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza miche ni moja: huu mmea unaishije miezi saba bila mvua? Kama hana jibu, usinunue hata kama umechanua vizuri.

Bogenvilia naiweka mbele bila kusita. Ile rangi tunayoiita ua, iwe zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe, ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kichupa cheupe chembamba katikati. Ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi juani: majani hayo ni membamba na makavu, hayana maji mengi ya kupoteza. Ukiimwagilia kila siku inakupa majani matupu. Iache isikie kiu kidogo, ndipo itachanua. Urea nayo inaipeleka kwenye majani, kwa hiyo achana nayo. Maua hutoka kwenye matawi mapya, basi pogoa mara mchanuo mkubwa unapoisha, usipogoe wakati imeanza kutoa vichomozo. Siku ya kupanda, chana kiriba taratibu na ushike donge lote la udongo, maana mizizi yake haipendi kuvurugwa. Nimeona miche mizuri ikifa wiki ya kwanza kwa sababu fundi aliukung'uta udongo wote.

Ya pili adeniamu, wauza maua wanaiita waridi la jangwa. Hii ni ya kwetu, inaota porini Tanzania na Kenya. Shina linavimba chini na kuhifadhi maji, majani yanapukutika kiangazi, kisha maua ya rangi ya waridi yanatoka kwenye matawi yaliyo wazi. Inakufa kwa maji yaliyotuama tu. Kwenye udongo mzito ipandishe juu ya tuta lenye changarawe, au iweke kwenye chungu chenye tundu.

Ya tatu mhina. Nashangaa kwa nini watu wa bara wanausahau. Unapenda joto, unavumilia ukavu, unapunguzwa ukawa uzio, na maua yake madogo yana harufu ya kujaza ua mzima jioni. Ila ukiukata kila mwezi uwe mraba hautachanua. Uachie upande mmoja ukue.

Nyingine nazitaja haraka. Sizalpinia, ile ya maua mekundu yenye kingo za njano ambayo pwani wanaiita mnyonyore, inaota kwa mbegu na inawahi kuchanua. Tekoma ya maua ya njano inakua upesi mno, na hilo ni sifa na tatizo. Plambago ya buluu inataka maji mengi kidogo kuliko hizo, ila ukiikata kabisa mvua zinapoanza inarudi na maua tele. Yuforbia ya miiba kutoka Madagaska inakaa hata pembeni ya zege. Rozmari nayo ni kichaka, inatoa maua ya buluu na unaipeleka jikoni. Oleanda nimeiacha makusudi, najua itazua mjadala.

Haibiskasi na mawaridi ya kawaida sikatazi. Yapande karibu na bomba au dirisha la bafu, machache, mahali mkono wako unafika kila siku. Usiyafanye uzio.

Karibuni.

#2 NyumbaMpya_Iyumbu

Asante sana mkuu. Mimi nina ukuta wa matofali ya saruji upande wa magharibi, mrefu, jua la saa tisa linaupiga moja kwa moja. Maji kwangu yanakuja kwa mgawo, nina tenki. Nataka rangi na nataka ukuta usionekane. Nilishaambiwa nipande maua yakiwa yamegusa ukuta ili yapande juu. Ni sawa?

#3 KitaluDom

Mkuu wa Iyumbu, usiguse ukuta. Saruji inakusanya joto mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo mche uliobanwa pale unachomwa pande mbili. Mara nyingi pia chini ya ukuta kuna mabaki ya saruji na kokoto za ujenzi, mizizi inakwama. Toka kama mita moja. Funga nyaya tatu ukutani, ya chini usawa wa kiuno, halafu elekeza matawi ya bogenvilia kwenye nyaya kadiri yanavyorefuka. Bogenvilia haina mikono ya kujishikiza, usipoifunga itaanguka mbele.

Kati ya shimo na shimo acha mita mbili na nusu hadi tatu. Najua itaonekana tupu mwanzo. Jaza nafasi hizo kwa sizalpinia ya mbegu, ambayo utaiondoa bogenvilia zikikutana. Gharama yake ni mifuko ya mbegu unazookota kwa jirani. Mbegu zina ganda gumu, zikwaruze kidogo kwa msasa na uziloweke usiku mmoja.

Shimo liwe sentimeta 60 kwenda chini na 60 upana. Ukikutana na tabaka gumu lipasue kwa sururu, usilipandie juu. Kabla ya kupanda jaza shimo maji. Kama asubuhi yake bado yamesimama, mizizi itaoza msimu wa mvua, na hapo hata mmea sugu hautakusaidia. Panda juu ya tuta.

#4 Mama_Tausi

KitaluDom umefanya vema kuiacha oleanda. Naomba tuliongee wazi kwa sababu inauzwa kila mahali na muuzaji haelezi chochote. Mmea mzima una sumu inayoshika moyo: jani, ua, shina, hata maji ya chombo ulichowekea maua yake. Watoto wanachezea majani, wanapika "mboga" kwenye vifuu. Mimi nina watoto wadogo na wa majirani wanaingia kwangu kutwa. Kwa nyumba yenye watoto naona hakuna mjadala.

Na mafundi wa bustani wakipunguza matawi wasiyachome, moshi wake nao una sumu. Wala vijiti vyake visitumike kuchomea nyama.

#5 Njia_ya_Kondoa

Mama Tausi nakuheshimu, na kuhusu watoto nakubaliana nawe kabisa. Ila tusiifute oleanda kwenye orodha ya watu wote. Mimi nasimamia eneo la kazi, kuna uzio wa mbele unaopigwa na vumbi la barabara, upepo na maji ya kisima yenye chumvi. Haibiskasi ilishindwa, plambago ilishindwa. Oleanda imesimama na inachanua karibu mwaka mzima. Jani lake ni gumu lenye nta, na vitundu vya kupumulia vimejificha ndani ya vishimo vyenye manyoya upande wa chini, kwa hiyo upepo hauyafikii maji yake kirahisi. Ni mmea ulioumbwa kwa mito mikavu ya nchi za Bahari ya Kati na Asia ya Magharibi, mahali ambapo kiangazi nako ni kirefu na kikavu.

Pale hakuna mtoto wala mifugo. Naona mahali kama hapo ina haki yake.

#6 KitaluDom

Wote wawili mmesema kweli, na mimi msimamo wangu ni huu: oleanda siiuzi kwa mtu kabla sijamuuliza nani anaishi pale. Nyumba yenye watoto, mbuzi, au sungura wa kulishwa majani ya uani, jibu ni hapana. Uzio wa ofisi au barabara ya ndani ya eneo lililofungwa, sawa, na mtunza bustani aelezwe na avae glavu.

Na tuwe wa haki: adeniamu niliyoisifu pale juu nayo ina utomvu wenye sumu, uliwahi kutumika kwenye mishale ya wawindaji. Yuforbia ya miiba na minyaa zina maziwa yanayounguza macho vibaya. Tofauti ni kwamba adeniamu unaiweka kwenye chungu mahali pa juu, mtoto hafiki. Uzio wa oleanda wenye urefu wa mita nyingi huwezi kuulinda namna hiyo.

Mwenye watoto wadogo achague mhina, rozmari na mtandamboo. Mtandamboo una miiba, ila tunda lake lililoiva linalika.

#7 Mwana_wa_Bahi

Umefika kwenye mtandamboo, sasa mimi naingia. Wakubwa, mnahangaika na miche ya kutoka mbali wakati pori letu la Ugogo limejaa vichaka vya maua. Mkole unachanua maua ya njano na unatoa matunda ambayo sote tumekula tukichunga. Mtandamboo unachanua meupe yenye wekundu kwa nje, harufu yake unaisikia kabla hujauona, na majani hayapotezi ukijani hata kiangazi kikiwa kimekolea. Hakuna aliyeumwagilia. Mizizi yake inajua tabaka gumu la hapa.

Ugumu wake ni kuupata. Wauza miche hawauoteshi kwa sababu mwanzo unakua polepole na mnunuzi anataka ua leo. Okota matunda yaliyoiva, toa mbegu, uzioteshe zikiwa bado mbichi kwenye viriba. Uwe na subira ya misimu miwili ya mvua, baada ya hapo uzio huo ng'ombe hapiti.

La mbuzi hamjalitaja. Mtaa mwingi wa pembezoni mwa mji mbuzi wanatembea huru, na mbuzi mmoja anamaliza mche wa mwaka mzima kwa asubuhi moja. Mche mchanga wa mtandamboo wanaupenda sana. Zungushia matawi ya miiba mpaka ufike kiunoni. Minyaa hawaigusi, ndiyo maana wazee waliifanya uzio, lakini ukiikata simama upande upepo unakotoka na usijifute usoni.

Halafu mchwa. Nyasi kavu mnazotandaza chini ya mche zinawaita. Msisogeze matandazo mpaka kwenye shina, acheni kiganja kizima wazi kuzunguka shina, na mkague kila mnapomwagilia. Mche uliolegea kwa kiu ndio mchwa wanaanza nao.

#8 KitaluDom

Mwana wa Bahi, umesema jambo la maana kuliko yote ya uzi huu. Nimeanza kuotesha mtandamboo kidogo, na kweli watu wanaupita. Nitauweka mbele ya kitalu ukiwa umechanua.

Kuhusu matandazo naongeza: pale ambapo mchwa wamezidi, tumia kokoto au changarawe badala ya nyasi. Haivutii mchwa, inazuia udongo usikauke haraka, na kwa adeniamu na rozmari ni bora kuliko nyasi, kwa sababu shingo ya mmea inabaki kavu wakati wa mvua. Rozmari ina jambo lake la pekee. Kwao mvua inanyesha wakati wa baridi na kiangazi ni cha joto. Hapa Dodoma mvua na joto vinakuja pamoja, ndiyo maana rozmari nyingi zinafia Januari wakati watu wanadhani ni jua lililoziua. Tuta na changarawe vinaiokoa.

#9 Mzanzibari_Maskati

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimesoma uzi wote kutoka huku Maskati, Oman, na mengi mnayosema ndiyo tunayoishi nayo. Huku kiangazi kinapita nyuzi 40 miezi kadhaa mfululizo. Bogenvilia inasimama, mhina unasimama na kina mama wanautunza kwa majani yake. Na hiyo adeniamu mnayoiita ya kwenu, huku inaota porini milima ya Dhofar, kusini.

Mawili nataka kuyasema. La kwanza ni wakati. Huku hatupandi joto linapoanza. Tunapanda Oktoba na Novemba, joto likishavunjika, ili mmea upate miezi yote ya baridi ya kushusha mizizi. Nyinyi kwenu kalenda ni nyingine lakini hesabu ni ile ile: panda siku ambayo kiangazi kijacho kiko mbali kabisa na wewe. Kwa Dodoma naona ni mvua za kwanza za Desemba. Anayepanda Aprili kwa sababu ardhi ni laini anaupa mche wiki chache tu.

La pili ni chumvi. Ukimwagilia maji ya kisima yenye chumvi kidogo kidogo kila siku, maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki kwenye mizizi. Utaona ncha za majani zinaungua kahawia na juu ya udongo panakuwa na unga mweupe. Watu wanadhani ni kiu, wanaongeza vikombe viwili, chumvi inazidi. Dawa ni kumwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, ili maji yashuke na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Usimwagie majani. Na kwenye chungu, maji lazima yatoke chini.

#10 Mwalimu_Manyoni

Mzanzibari shukrani, hilo la kuungua ncha limenifungua macho.

Naomba kuuliza kuhusu maji ya kufulia. Kwetu ndiyo maji pekee yanayobaki kwa ajili ya maua. Je, yanafaa?

#11 KitaluDom

Mwalimu, yanafaa kwa masharti. Sabuni ya unga nyingi ina sodiamu, na sodiamu ikizidi inaufunga udongo wenye mfinyanzi, maji hayashuki tena. Tumia maji ya suuza ya mwisho, yale ya povu la kwanza yamwage kwingine. Yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie kabisa. Badilisha mahali, usimwage shimo moja kila wiki, na mvua zitasafisha udongo kila mwaka. Bogenvilia na oleanda zinavumilia zaidi. Mawaridi hayavumilii.

Na kwa wote mnaouliza "nimwagilie mara ngapi": mwaka wa kwanza, mche uliopandwa Desemba, kuanzia Mei mpe ndoo ya lita 20 mara moja kwa wiki, jioni, kwenye beseni la udongo ulilolichonga kuzunguka shina. Hiyo ni kwa bogenvilia, mhina, tekoma na sizalpinia. Adeniamu ya ardhini haihitaji hata nusu ya hapo. Kichanga kitupu kinaweza kudai mara mbili kwa wiki Oktoba. Kesho yake chomeka kipande cha nondo: kikishuka sentimeta 30 hadi 40 bila kugoma, maji yamefika. Kikigoma juu juu, unamwagia upepo. Mwaka wa pili punguza iwe kila wiki mbili, wa tatu mara moja kwa mwezi au ikilegea tu. Mizizi inafuata maji yaliko. Ukiizoesha juu, inabaki juu na inakaangika.

Asiye na ndoo ya kubeba kila mara afukie mtungi wa udongo usiopakwa rangi kando ya mche, mdomo ubaki juu, ajaze na kufunika. Maji yanapenya polepole kwenye kuta za mtungi na mizizi inauzunguka. Chupa ya plastiki yenye vitundu vidogo inasaidia pia, ila inaisha maji haraka.

#12 Voi_Kavu

Hamjambo wadau. Mimi niko Voi, Kenya, pembeni mwa Tsavo. Adeniamu kwetu inaota juu ya miamba, na wakati wa kiangazi unaiona imechanua kila kitu kikiwa kimekufa kuizunguka. Ombi langu ni moja: msing'oe za porini. Kuna watu wanapita na magari kuchimba yale mashina makubwa kwa ajili ya kuuza mjini. Shina la ukubwa ule limechukua miaka mingi, na mengi yanaoza baada ya kuhamishwa kwa sababu mizizi imekatwa.

Otesheni kwa mbegu. Mbegu mbichi inaota upesi kwenye mchanga wenye joto, na mche wa mbegu ndio unaovimba shina vizuri. Ukipanda kijiti utapata maua mapema, lakini shina lile nene wanalolipenda watu halitoki sawasawa. Mkinunua, muulize muuzaji ameipata wapi. Akisema porini, mwacheni nayo.

#13 Njia_ya_Kondoa

Hilo la Voi naliunga mkono kwa moyo wote.

Mnaionaje lantana? Inachanua mwaka mzima, haitaki maji, vipepeo wanaifuata, na muuza maua wa kwetu anaisifia kila nikipita.

#14 Mwana_wa_Bahi

Ndugu yangu, lantana usilete. Ndege wanakula tunda, wanapeleka mbegu malishoni, na baada ya miaka michache ng'ombe hana pa kupita. Ng'ombe akiila ini linaharibika, jua linamchoma ngozi mpaka inabanduka. Imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kwa mtu wa jiji ni ua. Kwa mfugaji aliye upande unakoelekea upepo na ndege ni hasara.

#15 KitaluDom

Naungana na Mwana wa Bahi. Lantana camara sioteshi. Tekoma ya njano nayo ina tabia ya kujisambaza, mbegu zake zina mabawa na upepo wetu mnaujua. Anayeipanda ahakikishe anakata maganda yakiwa bado ya kijani. Kama kiwanja chako kinapakana na korongo au pori, chagua mhina au mkole badala yake. Hili naliomba kwa dhati, kwa sababu Dodoma inapandwa upya sasa hivi, mtaa kwa mtaa, na tutakachopanda miaka hii ndicho kitakachokuwa porini baadaye.

#16 Mama_Tausi

Na sisi tulio nyumba za kupanga, wenye baraza tu na vyungu?

#17 KitaluDom

Mama Tausi, bogenvilia kwenye chungu inachanua vizuri kuliko ya ardhini, kwa sababu mizizi ikibanwa inatoa maua zaidi. Tafuta chungu kizito, upepo usikiangushe, chenye tundu la kweli chini. Mchanganyiko wangu ni udongo wa kawaida sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Chungu cheusi cha plastiki juani kinachemsha mizizi. Kipake chokaa nje au kiweke ndani ya kikapu. Sogeza ipate jua la asubuhi hadi mchana kwa muda wa angalau saa sita, kivulini haitachanua kamwe. Kwa watoto, chagua aina yenye miiba midogo na uifunge ipande juu.

#18 NyumbaMpya_Iyumbu

Mkuu, nimeandika kila kitu. Sasa ni Oktoba, mvua bado. Miche ninunue leo au nisubiri?

#19 KitaluDom

Leo usipande chochote. Chimba mashimo sasa wakati ardhi ni kavu na tabaka linapasuka kwa sururu. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, rudishia shimoni, acha likae wazi lipokee mvua za kwanza. Funga nyaya zako ukutani mwezi huu.

Miche nunua katikati ya Novemba, uizoeshe jua. Iliyokulia chini ya neti ukiitoa ghafla majani yanaungua siku mbili tu. Wiki ya kwanza ipe jua la asubuhi, wiki ya pili hadi saa sita mchana, kisha iache kutwa. Kabla hujalipa, inua kiriba uangalie chini. Kama mizizi imejizungusha mduara na kutoboa plastiki, mche umekaa sana, chagua mwingine hata kama ni mfupi. Ule uliochanua sana kitaluni si lazima uwe bora. Mimi ningechukua wenye shina nene na matawi matatu yaliyo mazima.

Panda mvua ya pili au ya tatu, udongo ukiwa umelowa hadi chini ya shimo, si baada ya manyunyu ya kwanza, maana mara nyingi hufuatiwa na wiki za jua kali. Kwa ukuta wako wa magharibi anza na bogenvilia, mihina miwili pembeni mwa lango, na mtandamboo mmoja wa Mwana wa Bahi kwenye kona ambayo huna haraka nayo. Niandikie hapa Mei, mvua zikikata, tuangalie kila mche kabla hujaanza ratiba ya ndoo.